CD Ikikwama Ndani ya Kompyuta, Weka Kisu Chini

Ifuatayo ni hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa makatibu wa vikundi, wahudumu wa saiba na wananchi waliohudhuria mafunzo ya kuhifadhi kumbukumbu. Imefupishwa kidogo.

Nimepewa mada ya kuhifadhi kumbukumbu, na mada hiyo ni pana. Mimi nitachukua kipande kimoja tu: CD yako ikiingia ndani ya kompyuta ikakataa kutoka, ufanye nini.

Naona vijana wale wa nyuma wameanza kucheka. Wanajiuliza ni nani bado anatumia CD siku hizi. Basi tufanye hesabu. Inua mkono kama nyumbani kwenu kuna DVD ya harusi. Usishushe. Sasa wenye DVD ya mazishi waongeze wao. Na kina mama wa vikundi wenye CD ya picha za mradi, ile mliyopewa na mfadhili siku ya kufunga mradi, nao wainue. Mnaona? Karibu ukumbi wote. Sasa shusheni wote, kisha ainue mkono yule tu aliye na nakala ya hiyo DVD mahali pengine.

Mikono mitatu. Hapo ndipo penye shida yetu.

Kompyuta nyingi zinazouzwa sasa hazina mahali pa kuingiza CD. Kwa hivyo mtu akitaka kuitazama harusi yake, hutafuta kompyuta ya zamani: ya shule, ya saiba, ya binamu fulani. Ile draivu, yaani sehemu inayoipokea CD na kuisoma, pengine haijafunguliwa miaka mitano. Imekula vumbi na joto. Ndani yake tunaingiza CD ambayo ni moja tu duniani. Ikikwama, mwenyewe anaingiwa na hofu, na mtu mwenye hofu huchukua kisu cha jikoni.

Mimi nilichukua bisibisi. Wacha niwaambie, kwa sababu sina haki ya kuwakanya kabla ya kukiri.

Nilipokuwa nikisomea uanahabari tulipewa kazi ya kumrekodi mtu mzee akisimulia maisha yake. Nilimrekodi nyanya yangu. Alizungumza karibu saa nzima, akamalizia kwa kuimba wimbo alioimbiwa siku alipoolewa. Nikaihifadhi rekodi kwenye CD moja, nikaandika jina lake juu, nikapata alama zangu, nikaiweka sandukuni. Nyanya alifariki baadaye. Miaka ilipita, ndugu zangu wakaniomba ile sauti, nikaiingiza CD kwenye kompyuta kuukuu mahali nilipokuwa nikifanya kazi. Ikazunguka, ikanguruma, haikufunguka. Nikabonyeza kitufe mara ishirini. Nikapenyeza bisibisi ukingoni, trei ikatoka nusu, nikavuta kwa nguvu. Nilisikia mlio mwembamba kama wa kijiti kinachovunjika.

CD huandikwa kuanzia katikati kwenda nje. Ufa wangu ulianzia nje. Fundi aliyenisaidia alinikaripia kwanza, kisha akaisoma kwa kasi ndogo kabisa, na akaokoa takriban dakika arobaini. Wimbo ulikuwa mwishoni. Haukupatikana.

Kilichoniuma zaidi ni alichonionyesha baadaye. Kwenye uso wa ile draivu kulikuwa na tundu dogo, dogo kama la sindano nene. Lilikuwa pale siku zote. Kazi yake ni hiyo moja tu, kuifungua draivu inapokataa kufunguka. Lingenichukua dakika moja.

Kabla hatujafika kwenye tundu, tuelewe kwa nini draivu hugoma, kwa sababu mara nyingi wala haijaharibika.

Sababu ya kwanza ni kwamba kompyuta yenyewe imeifunga. Programu inapoisoma CD, kompyuta huiambia draivu isifungue mlango, kama kondakta anayekataa kufungua mlango matatu ikiwa mwendoni. Utabonyeza kitufe mpaka kidole kiume. Kwa hivyo anza kwa kufunga kila kitu kinachoweza kuwa kinaitumia CD: programu ya kuchezea video, dirisha linaloonyesha mafaili yake, hata ile barua uliyoifungua kutoka humo ukaisahau. Kisha nenda kwenye orodha ya draivu za kompyuta, weka kipanya juu ya alama ya CD, bofya kitufe cha kulia, uchague neno “Eject”. Mara nyingi CD hutoka hapo hapo.

Ikiwa CD ni chafu au ina mikwaruzo, draivu inaweza kuwa bado inahangaika kuisoma. Utasikia inazunguka, inapunguza, inaanza tena. Ipe dakika mbili tatu. Nimeona watu wakianza kupiga kompyuta makofi wakati draivu ingefungua yenyewe.

Ikikataa bado, zima kompyuta kwa utaratibu wa kawaida, halafu uiwashe. Sasa sikilizeni hapa vizuri. Punde tu taa zinapowaka, kabla ya Windows kujitokeza, bonyeza kitufe cha draivu. Wakati huo draivu ina stima lakini bado hakuna programu ya kuizuia, kwa hivyo hukisikiliza kitufe chake moja kwa moja. Hii imewasaidia watu wengi kuliko mbinu nyingine yoyote ninayoijua, na haihitaji kifaa chochote.

Na kwa kuwa tumetaja stima: stima ikipotea CD ikiwa ndani, haitatoka kwa kitufe, kwa sababu kitufe hicho hakifanyi kazi bila umeme. Haijakwama. Kama si jambo la dharura, subiri stima irudi.

Tukishaondoa hayo, tunabaki na draivu yenyewe. Hapa nawaomba mtumie masikio. Bonyeza kitufe, usogeze sikio karibu.

Ukisikia kimya kabisa na hakuna taa inayowaka, huenda draivu haipati umeme, labda waya wa ndani umelegea. Au kitufe hakifiki. Kompyuta nyingi za mezani zina kifuniko cha plastiki mbele, na kitufe unachobonyeza ni cha kifuniko tu, nacho ndicho kinachosukuma kitufe halisi kilicho nyuma yake. Kifuniko kikisogea kidogo, unabonyeza hewa. Na hicho hicho kifuniko huweza kuizuia trei isitoke hata kama draivu ni nzima. Angalia hapo kwanza kabla ya kumlipa mtu yeyote.

Ukisikia mota ikilia wiii, halafu inanyamaza na trei haijasogea, hapo mara nyingi ni mkanda. Draivu ya kompyuta ya mezani ina mkanda mdogo wa mpira, mwembamba kama zile raba za kufungia noti, unaoziunganisha mota na gia za trei. Mpira ukikaa miaka kwenye joto hulegea, mota ikazunguka bure. Kuna kingine kinachoongeza ugumu: juu ya CD kuna kibamba chenye sumaku kinachoishikilia wakati inazunguka, na ili trei itoke lazima kwanza nguvu ya sumaku hiyo ishindwe. Mkanda uliolegea haiwezi. Ndiyo maana draivu nyingine hufunguka ukibonyeza mara ya nne au ya tano, leo ndiyo, kesho hapana. Hiyo ni dalili. Draivu ikianza tabia hiyo, usiingize kitu cha thamani humo tena. Fundi anaweza kuusafisha mkanda kwa spiriti ukafanya kazi kwa muda, au kuweka mwingine.

Ukisikia trei ikisogea kidogo halafu ikagonga tak na kurudi, kuna kitu kimeizuia. Huenda kuna CD mbili ndani. Watoto hufanya hivyo, nao watakataa kwamba hawakufanya. Huenda CD haikukaa sawa. Au ni stika.

Kuhusu stika nataka nikae kidogo. Mpiga video wetu huipamba DVD ya harusi kwa karatasi yenye picha ya maharusi, iliyobandikwa kwa gundi. Inapendeza. Lakini draivu ya mezani yenye kasi kubwa huweza kuizungusha CD karibu mara 10,000 kwa dakika. Karatasi ikiwa imebandikwa vibaya, CD huyumba. Gundi ikishika joto, ukingo wa karatasi huinuka na kukwaruza dari ya draivu. Wapiga video mliomo humu, kuna CD ambazo picha huchapishwa moja kwa moja juu yake bila karatasi. Tafadhali tumieni hizo.

Mzee mmoja alikuja ofisini kwetu kompyuta nzima ikiwa imefungwa blanketi nyuma ya bodaboda. Ndani mlikuwa na DVD ya kikao cha ukoo, siku wazee walipokubaliana njia ya kupitishia ng'ombe kwenda mtoni ipite wapi. Wawili kati ya waliozungumza siku hiyo walikuwa wamekwisha kufa, na sasa kulikuwa na mtu aliyetaka kuweka ua. Kijana wa mahali fulani alikuwa amemwambia mzee kwamba itabidi draivu ivunjwe. Nikamwambia, “Mzee, keti kwanza, unywe chai.” Tukatafuta kibanio cha karatasi.

Haya, tundu lenyewe. Lifanyeni hivi, kwa mpangilio huu, bila kuruka.

Zima kompyuta. Chomoa waya wa stima ukutani. Kama ni kipakatalishi, ondoa chaja, na betri pia ikiwa inatoka. Subiri nusu dakika ili CD iache kuzunguka. Chukua kibanio cha karatasi cha waya, kile cha kawaida, ukinyooshe mpaka upate kipande kilichonyooka kama urefu wa kidole. Sindano ni kali na inavunjika, usiitumie. Kijiti cha meno kitakatikia ndani.

Tafuta tundu kwenye uso wa draivu, chini ya mlango wa trei au kando ya kitufe. Draivu za zamani zina pia tundu kubwa la kuchomeka kisikizi, na kuna kitaa kidogo kinachowaka draivu inapofanya kazi. Si hivyo. Tundu letu ni lile ambalo kibanio kinaingia bila nafasi ya kubaki. Nimeona mtu mwenye shahada akitoboa kitaa.

Ingiza waya ukiwa umenyooka, sambamba na meza, usiuinamishe juu wala chini. Utaingia kidogo kisha utahisi umegusa kitu. Sukuma taratibu. Kwenye kipakatalishi waya unafungua kufuli dogo, na trei huruka mbele kidogo mara moja. Kwenye kompyuta ya mezani waya unasukuma gia, kwa hivyo itahitaji nguvu kiasi, na huenda ukasukuma zaidi ya mara moja. Trei itatokeza labda kama upana wa ukucha. Ishike kwa vidole viwili, katikati, uivute polepole ikiwa sawa. Ukihisi inakataa, simama. Irudishe ndani kidogo, kisha uivute tena. Usiinue kompyuta kuitikisa.

DVD ya yule mzee ilitoka hivyo. Karatasi ya studio ilikuwa imeinuka upande mmoja, imejikunja kama jani la mgomba. Chai yake ilikuwa bado moto.

Wenye vipakatalishi, mna jambo lenu. Trei yenu haina mota. Inashikiliwa na kufuli na kusukumwa na springi. Ukibonyeza kitufe usikie tik lakini trei isitoke, kufuli limefunguka na kitu fulani kimekwama. Mara nyingi ni CD iliyowekwa juu juu. Katikati ya trei kuna kitovu chenye meno madogo ya springi. CD lazima ibonyezwe juu yake, pembeni mwa tundu lake la katikati, mpaka isikike imeshika. Watu huiweka kama sahani mezani na kufunga. Kwenye aina nyingi za vipakatalishi, draivu nzima hushikiliwa na skrubu moja chini, na fundi huitoa nje na kuifanyia kazi mezani.

Kuna mashine zisizo na trei kabisa, zina mwanya tu ambao CD humezwa humo. Hizi kwa kawaida hazina tundu la dharura. Kama ni kompyuta ya Apple ya miaka hiyo, izime, kisha uiwashe huku umebonyeza kitufe cha kipanya bila kukiachilia. Itaitema CD kabla haijamaliza kuwaka. Ikishindikana, igeuze mashine mwanya uangalie chini kidogo na ujaribu tena. Msiingize kisu wala kadi ya benki. Na zile CD ndogo za sentimita 8 zisiingizwe kwenye mwanya huo hata siku moja, zinapotelea ndani. Mtu akikwambia mtoto ameingiza shilingi kumi, muamini na uende kwa fundi.

Nyinyi wahudumu wa saiba, mkifungua draivu, hakikisheni waya wa stima umetoka. Ndani kuna mwanga wa leza. Ule wa kusomea CD jicho halioni, na kutouona hakumaanishi haukuumizi. Na CD yenye ufa isichezwe tena kwa kasi ya kawaida. Ikipasuka kwa mwendo ule inageuka vipande vya kukata, na hapo umepoteza kumbukumbu na draivu pamoja. Mwambieni mwenyewe ukweli kabla ya kuiingiza.

Sasa CD imetoka. Wengi husema ahsante Mungu, wanairudisha kwenye bahasha, wanaenda nyumbani. Kazi bado. Ifute kwa kitambaa laini, kutoka katikati moja kwa moja hadi ukingoni, kama miale ya jua. Usifute kwa kuzungusha, maana mkwaruzo unaofuata mzunguko huharibu kusomeka kuliko unaoukata. Tafuta draivu iliyo nzima, kisha unakili siku hiyo hiyo.

Katika kunakili, watu hudanganyika kwa namna mbili. CD ya sauti, ile inayochezwa hata kwenye redio, ukiifungua kwenye Windows utaona orodha ya vifaili vidogo, kila kimoja kina baiti 44. Ukivinakili vyote kwenye flashi utafurahi kwamba imechukua sekunde moja. Hujanakili chochote. Hivyo ni vielekezi tu, sauti imebaki kwenye CD. Unahitaji programu ya muziki ya kuitoa sauti yenyewe na kuihifadhi kama faili. Kwa DVD ya video, nakili folda yote iitwayo VIDEO_TS pamoja na vyote vilivyomo, usichague faili moja ukidhani ndiyo filamu. Kisha itoe CD, ufungue nakala yako kutoka kwenye flashi, uitazame mwanzo, katikati na mwisho. Mwisho hasa. Mimi sikusikiliza mwisho.

Nafasi isiwatishe. CD hubeba megabaiti 700 hivi, DVD ya kawaida gigabaiti 4.7. Flashi ya gigabaiti 32 inatosha DVD sita zilizojaa. Lakini flashi nayo hufa, tena bila kutoa dalili, kwa hivyo weka nakala ya pili mahali pengine: kwa dada yako, kwa mweka hazina, kwenye kompyuta ya kikundi.

Kuna aina moja ambayo nawaomba msiiguse wenyewe. CD iliyo ushahidi kortini, au inayoweza kuwa. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai rekodi ya kielektroniki iambatane na cheti kinachoeleza ilivyotolewa na kifaa kilichotumika. CD ya namna hiyo ikikwama, mwite wakili wako kabla ya kumwita fundi, na uandike tarehe, mashine ilikuwa ipi, na nani waliishika. Yule mzee wa njia ya mtoni nilimwambia hivyo hivyo. Tuliitoa mbele ya watu wawili wa ukoo, wakaandika majina yao, na nakala ikatengenezwa wakiwa wameketi hapo.

Draivu ikifa kabisa, isitupwe kwenye shimo la taka wala kuchomwa na majani. Moshi wa plastiki ile ni sumu. Iwekeni pembeni na mabaki mengine ya kielektroniki mpaka itakapokusanywa.

Nimemaliza kusema, sasa tufanye. Kwenye ile meza ya dirishani kuna draivu nne, tatu za mezani na moja ya kipakatalishi. Tumezikwamisha makusudi, kila moja ina CD tupu ndani, na mkiivunja hakuna atakayelia. Vibanio vya karatasi viko kwenye sahani. Waliokuja na CD zao halisi wasizitoe mfukoni bado, tutazinakili baada ya chai kwenye mashine mbili tulizozijaribu jana. Wazee watangulie, vijana wale wa nyuma waliocheka wafuate, wao ndio watakaoshika tochi.